Barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo vikuu: taa zisizimwe kabla wasanii hawajasema

Kwa Makamu Wakuu wa vyuo vikuu vyenye idara za sanaa, kwa marasi wa ndaki na wakurugenzi wa maktaba, na kwenu mlio katika wizara yenye dhamana ya utamaduni na sanaa.

Waheshimiwa, salaam.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kumzika mzee mmoja aliyekuwa akifundisha muziki wa asili chuoni. Tuliporudi kutoka makaburini, binti yake aliniita pembeni, karibu na simtanki, akaniuliza kama bado ninayo yale mazungumzo niliyowahi kufanya na baba yake. Aliikumbuka siku yenyewe. Mzee alitoka nyumbani na mazeze mawili, amevaa shati la kitenge alilokuwa akiliweka kwa ajili ya harusi, akakaa nami kwa saa moja na nusu. Nilimjibu kwamba ninazo dakika kumi na moja zilizokwenda hewani. Nyingine zote zilikuwa kwenye kanda, na kanda ile ilitumika tena kurekodia hotuba za mahafali.

Sitataja chuo wala kituo. Kanda zilikuwa adimu, kila mtu alirekodi juu ya kazi ya mwenzake, nami nilikuwa mmojawapo. Yule dada alinishukuru kwa adabu, akarudi kwa waombolezaji.

Katika zile dakika zilizofutika mzee alikuwa amenieleza anavyozikaza nyuzi za zeze bila kufuata kinanda. Anaanza na sauti ya chini ambayo mama yake alikuwa akiitumia kubembelezea watoto, halafu nyuzi nyingine zinaitafuta ile mpaka zikubaliane. Ndivyo ninavyokumbuka. Kama ndivyo alivyosema hasa, hakuna tena wa kunisahihisha.

Kwa ajili ya hilo ninawaandikia, na ombi langu ni moja. Kila igizo, ngoma, onyesho la picha au la muziki linalotengenezwa na walimu na wanafunzi wenu lifuatwe na mazungumzo na waliolitengeneza; mazungumzo yarekodiwe yote; na rekodi ziingie maktaba kama zinavyoingia tasnifu.

Nilisomea sanaa za maonyesho kabla ya kuingia redioni, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeitumia kukaa na wasanii wa vyuoni: walimu, watunzi, wachongaji, vijana wa mwaka wa tatu wenye rangi bado kwenye kucha. Watu hudhani wasanii hawapendi kueleza kazi zao. Mimi nimeona kwamba hawaulizwi. Mwandishi akija anauliza onyesho linaanza saa ngapi, kiingilio ni shilingi ngapi, na ujumbe wake ni upi. Swali la ujumbe ndilo linalonisikitisha zaidi, kwa sababu linamlazimisha msanii ajibu kwamba anaielimisha jamii, na hapo mazungumzo yamekufa. Muulize alifanyaje. Muulize nini kilishindikana mazoezini, na kipi alikipenda akakitupa. Utamwona anavuta kiti karibu.

Mwalimu mmoja wa ngoma alinieleza kwa saa nzima tatizo lililomkosesha usingizi alipopeleka sindimba jukwaani. Kijijini inachezwa katikati ya watu waliozunguka, na mchezaji hana mbele wala nyuma. Ukumbini watazamaji wote wamekaa upande mmoja. Wachezaji wakigeuka, nusu ya ngoma inaonwa na ukuta. Wengi hutatua jambo hilo kwa kuwapanga wachezaji mistari miwili, nyuso kwa watazamaji, na kwa maneno yake, hapo ngoma inakuwa gwaride. Yeye alijaribu nusu duara. Akaiona imepoa, kwa sababu wapiga ngoma walisukumwa pembeni na wachezaji hawakuweza kuona mikono yao. Wiki ya tatu ya mazoezi aliwaweka wapigaji mbele kabisa, wamewapa watazamaji mgongo, jambo ambalo mwanafunzi wa uongozaji angepoteza alama kwalo. Ngoma ikawaka. Wachezaji walipata macho ya kuchezea, na watazamaji wakawa wanaitazama kupitia mabega ya wapigaji, kama mtu aliyechelewa kufika uwanjani akasimama nyuma ya wenzake.

Huo ni utafiti uliofanywa kwa miguu, na aliyeufanya hajauandika popote.

Au huyu binti aliyekuwa akimalizia shahada ya kwanza, aliyejenga umbo la mama mjamzito kwa ndala alizookota ufukweni. Nilidhani tutazungumza juu ya uchafuzi wa mazingira. Kumbe kwa miezi minne alikuwa akizihesabu, na pale alipokuwa akiokotea, ndala za mguu wa kushoto zilikuwa nyingi kuliko za kulia. Alifikiri ni kwa sababu ya mpindo wa ndala, kwamba upepo na mkondo huzisukuma kila moja kwa njia yake, na ufuko mmoja hupokea hizi, mwingine zile. Basi akaamua mwili mzima wa mama uwe wa kushoto, na zile chache za kulia akamjengea mtoto aliye tumboni. Siku ya onyesho hakuna mtazamaji aliyeligundua hilo. Alipewa alama zake, umbo likakaa nyuma ya jengo mpaka masika, likabomolewa. Maelezo yake yako ndani ya simu yangu, na simu hupotea.

Vyuo vyetu vina urithi mkubwa wa kazi za namna hii, na nyingine mnazifahamu vizuri. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein, akiwa bado kijana katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitoa *Kinjeketile*, igizo la vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, ambalo vizazi vya wanafunzi wa sekondari wamelisoma. Ndani yake Kinjeketile anapandwa na pepo, anavutwa mtoni, anatoweka majini, kisha anatoka mkavu. Kila ninapokaa na vijana kulisoma eneo hilo huniuliza: jukwaani walifanyaje? Mto uliwekwa wapi? Mtu anatokaje majini mkavu mbele ya macho ya watu bila ukumbi kucheka? Kuna watu waliolitegua fumbo hilo kwa mara ya kwanza kwa miili yao wenyewe. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka ule sasa amevuka 75. Maneno ya igizo yamechapishwa na yatabaki. Yaliyosemwa mazoezini wameyabeba wao, na baadhi yao wamekwisha kuondoka nayo.

Chukueni pia igizo la *Harakati za Ukombozi* la mwaka 1982, lililoandikwa kwa pamoja na wanawake watatu: Amandina Lihamba, Penina Muhando na Ndyanao Balisidya. Watu watatu wanamwandikaje mhusika mmoja? Wakibishana, nani anashika kalamu? Mwandishi yeyote kijana anayetaka kufanya kazi na wenzake angefaidika kulisikia jibu hilo zaidi ya mihadhara kumi. Balisidya hayupo tena kutoa upande wake.

Na hapa ndipo ninapoumia zaidi, kwa sababu thamani ya mazungumzo haya tulifundishwa na vyuo vyenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wasanii wasomi wa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Muhando na Lihamba wakiwa mstari wa mbele pamoja na wenzao, walitoka na kwenda vijijini, Malya mkoani Mwanza na baadaye Msoga, kwa kazi iliyojulikana kama sanaa za maonyesho kwa maendeleo. Wanakijiji walichunguza tatizo lao wenyewe, wakalijadili, wakalitengenezea igizo au ngoma kwa mitindo waliyoizoea, wakaonyesha, kisha kijiji kikakaa kuzungumza. Mazungumzo ya baada ya onyesho hayakuwa nyongeza. Bila hayo kazi ilihesabiwa haijakamilika. Mwaka 1996 ukaja mradi wa Tuseme, matunda ya waalimu hao hao, ulioipeleka njia hiyo kwa wasichana wa sekondari wapate kusema kinachowazuia kusoma, na kupitia FAWE, jumuiya ya wanawake wa Afrika walio katika elimu, ukasambaa katika nchi nyingi za Afrika.

Sasa tazameni kinachotokea kwetu chuoni. Igizo la mwisho wa muhula linakwisha saa nne usiku. Waigizaji wanainama, makofi yanapigwa. Watu hawataki kuondoka, unawaona wanavyojisogeza karibu na jukwaa, mmoja ananyoosha mkono kama yuko darasani. Askari wa zamu amesimama mlangoni na funguo. Taa zinazimwa. Tuliwafundisha watu wa Malya wakae wazungumze, halafu sisi wenyewe tunatawanyika gizani kuwahi daladala.

Nimefikiria mtakavyonijibu. Mtasema walimu wa sanaa wanaandika makala kama wenzao wote. Wanaandika, ndiyo. Lakini zaidi ya mmoja kati ya niliozungumza nao ameniambia, na sauti ikimbadilika, kwamba igizo lililomchukua miaka miwili lilikuwa gumu kuhesabika katika kupandishwa cheo kuliko makala ya kurasa 15 inayochambua igizo la mtu mwingine. Sababu waliyopewa ni kwamba wapimaji hawana cha kupima, kwani onyesho lilikuwepo usiku mmoja, limekwisha. Siidharau sababu hiyo. Chuo hakiwezi kumpa mtu uprofesa kwa kusifiwa na waliokuwepo.

Basi mpeni mpimaji kitu cha kupima. Wekeni pamoja andiko la igizo, video ya onyesho, daftari la mazoezi, na saa mbili za muundaji akihojiwa na mtu anayeijua kazi hiyo kwa ndani, mpelekeeni mzigo huo profesa wa chuo kingine ausikilize na auhoji. Ataona swali lilikuwa nini, njia zipi zilijaribiwa, ipi ilishindwa na kwa nini. Yule mwalimu wa sindimba, kwa saa yake moja tu, alieleza tatizo, majaribio mawili na matokeo. Uingereza, katika tathmini ya utafiti wa vyuo vikuu ya mwaka 2021, muziki, maigizo na maonyesho ya picha viliweza kuwasilishwa kama matokeo ya utafiti, vikiambatana na maelezo ya utafiti uliomo ndani yake. Hakuna kinachotuzuia kufanya hivyo, tena kwa undani zaidi, kwa kuwa sisi ni watu wa kusimulia.

Ninasisitiza mazungumzo yawe kwa lugha ambayo kazi ilitungwa. Niliwahi kualikwa kukaa kwenye jopo, kijana ameandika igizo zuri la Kiswahili, akatakiwa alitetee kwa Kiingereza. Alisema sentensi nne za kukariri, akanyamaza. Baadaye, nje chini ya mwembe, nilimwuliza kwa nini mwanamke wake mkuu halitaji jina la mumewe mpaka eneo la mwisho kabisa. Akaniambia kwamba bibi yake hakuwahi kulitamka jina la babu yake. Alimwita baba fulani, kwa jina la mtoto wa kwanza, miaka yote ya ndoa. Siku ya mazishi, wakati jeneza linashushwa, ndiyo mara ya kwanza wajukuu kulisikia jina lile kinywani mwake, na alilisema mara moja tu. Igizo zima lilijengwa kuelekea sekunde hiyo. Jopo halikulipata hilo, kwa sababu halikuulizia mahali ambapo angeweza kujibu.

Kuhusu gharama, hii ni kazi niliyoifanya kwa miaka mingi, naweza kuwahesabia. Kinasa sauti kimoja kizuri, maikrofoni mbili, na chumba kidogo chenye zulia na mapazia mazito ili sauti isigonge kuta. Saa moja ya sauti ya stirio katika kiwango cha kuhifadhia, yaani kilohezi 48 na biti 24, inachukua karibu gigabaiti moja. Diski ya terabaiti mbili, ambayo inaenea kiganjani, inabeba zaidi ya saa 1,900. Idara ikirekodi saa mbili kwa kila wiki ya masomo, wiki 30 kwa mwaka, itachukua miaka zaidi ya thelathini kuijaza. Diski yenyewe haitaishi muda huo, itabidi ibadilishwe kila baada ya miaka michache, lakini mnaona ukubwa wa jambo ulivyo. Si mradi wa kusubiri wafadhili.

Mzigo halisi uko kwa mtu. Saa moja ya mazungumzo inataka saa tano au sita za kuinukuu, kuandika majina sawasawa, na kuweka orodha ya yaliyomo ili mwanafunzi wa miaka 20 ijayo ajue kwamba dakika ya 43 ndipo zeze linapozungumziwa. Kwa hiyo naomba nafasi ya ajira kabla ya vifaa. Vifaa visivyo na mwenyewe nimeviona vikilala makabatini na plastiki zake.

Na nakala zisikae mahali pamoja. Mwaka 1997 moto uliteketeza Paa ya Paa, jumba la sanaa la Nairobi ambalo Elimo Njau, mzaliwa wa Tanzania aliyesomea Makerere, alikuwa ameliendeleza tangu miaka ya 1960. Mwaka 2002 ukumbi wa maonyesho wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo nao uliungua. Ukiacha moto, sisi wa pwani tuna unyevu. Kanda za zamani zinaota ukungu, na kuzihamishia kwenye kompyuta kunachukua muda uleule wa kuzisikiliza, saa kwa saa, hakuna njia ya mkato. Kuna maboksi chini ya vitanda vya walimu wastaafu ambayo yangetakiwa kuanza kushughulikiwa mwaka jana.

Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 2018, ilijengwa iweze kubeba vitabu 800,000 na kukalisha watu 2,100 kwa wakati mmoja. Nikipita pale huwa nawaza meza moja tu, ya pembeni, mwanafunzi amevaa vipokea sauti masikioni, vidole vyake vinapiga meza taratibu, anamsikiliza mwalimu ambaye hakuwahi kukutana naye akimfundisha mdundo.

Haki za wasanii zishikwe kwa uzito tangu siku ya kwanza. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawalinda watunzi na watumbuizaji, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa sauti na sura za watu. Kila anayezungumza asaini fomu fupi ya Kiswahili inayosema nani atasikiliza, kipi kifungwe na mpaka lini, na kwamba chuo hakitauza sauti yake. Na yapo yasiyorekodiwa. Mama mmoja mchezaji alipofika kwenye wimbo wa unyago aliniomba nizime kinasa. Nilizima, akaniimbia, na sitauandika hapa.

Nawaomba pia msimpe kazi ya kuhoji mwalimu anayemsahihisha mwanafunzi, kwa kuwa mwanafunzi atajibu mtihani. Apewe mtu aliyekuwa akihudhuria mazoezi, aliyekaa nyuma kimya akaona walipokwama. Wahitimu wasio na ajira wanaoweza kufanya kazi hiyo vizuri wapo wengi, na mimi nipo tayari kuwafundisha bila malipo.

Mwalimu wa sindimba niliyemtaja anastaafu mwezi Juni. Amekubali kuzungumza kwa siku tatu pamoja na wapiga ngoma wake wote, ukumbini, akionyesha kwa mwili anachokisema kwa mdomo. Wapigaji wawili watasafiri kutoka Newala, na nauli zao nimekwisha kuzitenga. Tunahitaji ukumbi kwa siku hizo tatu, askari wa zamu aambiwe asizime taa saa nne, na mtu mwenye mamlaka aseme kwa maandishi kwamba asubuhi ya siku ya nne maktaba itazipokea rekodi. Yeyote kati yenu atakayejibu, nitakuja ofisini kwake siku atakayonipangia.

Wenu katika kazi,

Mtayarishaji wa vipindi vya redio na mhitimu wa sanaa za maonyesho,
Dar es Salaam